Kubadilisha, Kusakinisha, Kufuta: Vitenzi Vitatu Visivyopaswa Kuchanganywa

Tarakilishi ya mwanafunzi inapogoma kuwaka, aghalabu hupelekwa katika karakana iliyo karibu na lango la chuo. Fundi huifungua, huipima, kisha hutoa uamuzi: ubao mkuu, ule ambao karakanani huitwa madabodi, umeungua. Ubao hubadilishwa, malipo hufanywa, na mwenye chombo huambiwa kwamba fundi 'amemwekea Windows' vilevile. Kauli hiyo husikika kama nyongeza ya hisani. Kumbe huenda ndiyo tanzia ya mahojiano aliyoyarekodi nyanjani, tungo alizozinakili na sura za tasnifu aliyokuwa akiiandika.

Makala haya yanashikilia kwamba hasara ya aina hii haisababishwi na ubao ulioungua wala na uovu wa fundi. Chanzo chake ni kauli moja kubebeshwa vitendo vitatu vilivyo mbalimbali: kubadilisha ubao, kusakinisha mfumo endeshi, na kufuta diski. Kitendo cha kwanza hakilazimishi cha pili. Na cha pili hakilazimishi cha tatu. Kwa hivyo, tatizo hili ni la lugha kama lilivyo la mashine, nao wanaojiita wataalamu wa lugha wana wajibu wa kulijibu.

Kimsingi, kazi za mwandishi hazikai kwenye ubao mkuu. Hukaa kwenye diski, ambayo katika tarakilishi nyingi ni kifaa cha pekee kinachoweza kuchomolewa na kuunganishwa na chombo kingine. Ubao unaweza kufa na diski ikabaki nzima. Hata hivyo, baadhi ya vipakatalishi, hasa vya bei nafuu, vina hifadhi iliyolehemewa kwenye ubao wenyewe. Katika vyombo hivyo, kubadilisha ubao ni kubadilisha hifadhi pia, na aliyeutupa ubao wa zamani ameitupa kazi yake. Swali la kwanza la mteja, basi, lapaswa kuwa hili: je, diski inachomoka?

Mazoea ya kusakinisha mfumo upya hayakuzuka ovyo. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilizoeana mno na ubao iliousakinishiwa. Ilipohamishiwa ubao wa aina nyingine, mara nyingi ilikosa programu ya kuendeshea kidhibiti cha diski, ikashindwa kuwaka na kuishia kwenye skrini ya buluu. Hata enzi hizo kulikuwa na usakinishaji wa kukarabati, uliorejesha mfumo bila kugusa nyaraka za mwenyewe. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, na ile iliyoifuata aghalabu huutambua ubao mpya na kujitafutia viendeshaji vinavyofaa. Mifumo ya Linux kama Ubuntu hubeba viendeshaji vingi ndani ya kiini chake, hivyo mara nyingi huwaka juu ya ubao mgeni bila kusakinishwa upya. Waama, hali imebadilika ilhali mazoea yamebaki palepale.

Hata pale usakinishaji unapohitajika, si lazima diski ifutwe. Windows ikisakinishwa juu ya sehemu ile ile ya diski bila kuifomati, mafaili ya awali huwekwa kando katika folda iitwayo Windows.old, ambamo yanaweza kunakiliwa mapema kabla folda hiyo haijaondolewa. Fauka ya hayo, tarakilishi inaweza kuwashwa kwa Ubuntu iliyomo kwenye kidiski cha mkononi, mafaili yakanakiliwa kwingine, na diski ya ndani isiguswe.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo mteja hupaswa kuyajua kabla ya ubao kung'olewa. La kwanza ni leseni. Tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012, watengenezaji wengi wa tarakilishi huuhifadhi ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu. Ubao ukienda, ufunguo huenda nao. Tangu mwaka 2016, mtumiaji anaweza kuiunganisha leseni ya Windows 10 na akaunti yake ya Microsoft, jambo linaloweza kumsaidia kuiamilisha upya baada ya kubadilisha ubao. La pili, lililo zito zaidi, ni usimbaji. Diski iliyosimbwa kwa BitLocker hutegemea ufunguo unaolindwa na kifaa kidogo kiitwacho TPM, ambacho kwa kawaida huwa kwenye ubao. Ubao mpya haumjui mgeni huyo. Utadai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao atakuwa na diski nzima isiyosomeka.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Haitakuwa kweli kudai kwamba lugha hii haijawahi kuingia kwenye tarakilishi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, nayo Microsoft imetoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows. Lakini vifurushi hivyo huwekwa juu ya mfumo ambao tayari umesimama katika lugha nyingine. Programu yenyewe ya kusakinishia Windows haitolewi kwa Kiswahili. Kwa maneno mengine, Kiswahili hukaribishwa sebuleni baada ya nyumba kujengwa. Skrini ya hatari kuliko zote, ile inayouliza ni sehemu ipi ya diski ifutwe, humkabili mtumiaji kwa lugha ya kigeni, na mara nyingi huonekana na fundi peke yake.

Katika vyuo, wino mwingi umemwagwa kuhusu jina la chombo hiki: kiitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi? Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, umeshughulikia nomino na kuviacha vitenzi yatima. Hakuna aliyepoteza tasnifu kwa kuiita tarakilishi kompyuta. Waliozipoteza walizipoteza kwa kuitikia 'kufomati' bila kujua kwamba waliidhinisha kufuta. Ilhali Kiswahili kina vitenzi vyote vinavyohitajika: kunakili, kusakinisha, kufuta, kuamilisha, kusimba. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia mahali panapostahili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya fundi, na kwamba usakinishaji safi huondoa virusi na masalia ya viendeshaji vya ubao wa zamani. Hoja hiyo ina ukweli, na fundi anayeufanya kwa ridhaa ya mteja hana lawama. Lakini ridhaa ya asiyejua anachoridhia si ridhaa. Mwanafunzi wa isimu au fasihi simulizi hubeba kwenye diski yake sauti za wazee, baadhi yao waliokwisha kuaga dunia. Programu inaweza kupakuliwa tena kesho. Sauti ya mzee wa Pate aliyezikwa haipakuliki. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatua zinazofaa si za gharama kubwa. Kila chombo kipelekwacho karakanani kiandamane na karatasi yenye maagizo bayana kwa Kiswahili: ubao ubadilishwe, chombo kiwashwe kwanza kwa mfumo uliopo, diski isifutwe kabla ya mwenyewe kuulizwa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vibandike maagizo hayo kwenye mbao za matangazo na kuwapelekea mafundi nakala. Wahadhiri wa tafsiri nao wazitumie skrini za usakinishaji kama matini ya mazoezi, kwa kuwa ni vigumu kupata matini ambamo kosa la kitenzi kimoja lina gharama iliyo wazi kiasi hicho. Na kila mtafiti awe na nakala ya pili ya kazi yake nje ya tarakilishi, pamoja na ufunguo wa uokoaji ulioandikwa kwenye karatasi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kamili iwapo lugha yenyewe itatumika katika hotuba na mitihani, kisha inyamaze kwenye meza ya fundi. Lugha huthibitisha uhai wake pale inapomwezesha mzungumzaji kusema 'usifute' kwa wakati, na akaeleweka.