Kigogota na mti uliokauka

Wiki iliyopita tulisema juu ya kuni. Leo tunabaki kwenye mti ule ule, ila tunamtazama anayekaa ndani yake.

Kigogota ana ndugu wengi: jamaa yao duniani inapita aina 200. Yule wa misitu yetu ya milimani, kama ile ya Kahuzi-Biega, wataalamu wanamwita Dendropicos griseocephalus. Vitabu vingine vilimweka katika kundi la Mesopicos. Majina ya ndege nayo hubadilika kama bei ya makala! Mwili wake ni kijani yenye manjano, kichwa ni cha kijivu, na mgongoni karibu na mkia ni mwekundu. Dume ana utosi mwekundu, jike hana. Wa kwetu, wanaoitwa ruwenzori, wana pia doa jekundu tumboni, ambalo ndugu zao wa Afrika Kusini kwa kawaida hawana.

Anakula siungu na mabuu waliomo ndani ya miti. Nyumba yake anaichimba mwenyewe katika shina au tawi lililokufa, maana pale mti umelainika. Humo jike anataga mayai 2 au 3, na wote wawili wanayalalia kwa zamu. (Wasomeeni wababa hapo.) Wakihama, ndege wasio na mdomo wa kuchimba wanakuja kupanga bila kulipa.

Sasa tuseme neno lenyewe. Sisi wamama tunafundishwa: usikate mti mbichi, chukua uliokauka. Ni fundisho zuri, na sufuria lazima ichemke. Lakini mti mkavu uliosimama ndio huo huo kigogota anaoutafuta, na anafika hata pembezoni mwa msitu, karibu na mashamba yetu. Ndani ya Parki kuni hazikatwi, hilo tunalijua. Basi katika mashamba yetu tuanze na matawi yaliyoanguka. Shina nene lenye tundu la mviringo, au lenye vipande vipya vya mti chini yake, tuliache lisimame, isipokuwa linatishia nyumba au njia ya watoto.

Mama mwenye shina kama hilo atuambie kwenye mkutano wa wiki ijayo. Tutaliwekea alama ya chokaa, ili kijana anayetumwa kupasua kuni asiliangushe.