Kofia Wanazo, Buti Je?
Wiki hii, kwenye kijiwe cha bodaboda mjini Kasulu, nimetazama miguu badala ya pikipiki: ndala, ndala, yeboyebo, ndala. Asubuhi za huku Buha zina baridi, na madereva waliokuwa wakielekea Kibondo walificha viganja ndani ya mikono ya makoti. Kofia ngumu wanazo, maana trafiki huziulizia. Lakini aangukaye hutanguliza kiganja, na ekzosi haichomi kichwa, huchoma mguu. Marubani wa ndege za kijeshi na helikopta huvaa glavu za ngozi na kitambaa cha Nomex kinachostahimili moto, kwa sababu nailoni ikipata moto huyeyuka na kuganda mwilini. Dereva wa boda naye achague glavu ya ngozi, imkae vidoleni barabara ili asiikose breki. Buti lipande juu ya kifundo, na kamba zichomekwe ndani zisinaswe na mnyororo. Nimeyaona mabuti ya namna hiyo kwenye mitumba, imara kabisa. Naamini tajiri anayekabidhi pikipiki na kudai hesabu kila jioni ndiye anayepaswa kununua mabuti na glavu, kabla hajatoa ufunguo, na gharama yake asimkate kijana.