Kizimba cha Mzaha

Ndugu wana-Matsangoni, ni nani hakumcheka Ondiek Nyuka Kwota katika Vioja Mahakamani? Uongo wake ulijulikana hata kwa watoto, lakini hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, shahidi akahojiwa, ndipo hukumu ikatolewa. Mzaha, naam, ila uadilifu ule ulikosekana kwenye mambo mazito ya nchi. Mwaka 1988 Bunge liliwavua majaji ulinzi wa kazi zao, ukarejeshwa 1990. Mwaka huohuo wa 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo, na mahali pengine mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi mchana kweupe! Basi barazani, shauri la shamba likiletwa, twadai skwota asikizwe kabla mpima ardhi hajasimika mawe ya mpaka.