Siku moja ndani ya Seneti, ng'ambo ya ziwa

Sisi wa Kigoma na Ujiji tumezoea Bunge la chumba kimoja, lile la Dodoma. Lakini katika nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, mbili, Burundi na Kongo, zina mabaraza mawili: la wabunge na la maseneta. Hilo la pili wengi wetu hulisikia redioni tu. Tulitazame leo katika shughuli ya siku moja, Alhamisi ya tarehe 22 Mei 2025, jijini Kinshasa.

Maseneta walikuwa na shauri zito mbele yao: je, Joseph Kabila avuliwe kinga ya kutoshitakiwa? Mwendesha mashitaka wa jeshi alikuwa amelipelekea baraza maombi hayo, akimtuhumu rais huyo mstaafu kwa uhaini, uhalifu wa kivita na kushirikiana na waasi wa M23, walioiteka Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari mwaka huo. Kabila amezikana tuhuma hizo. Kura zikapigwa kwa siri. Waliokubali walikuwa 88, waliokataa 5, na 3 hawakuegemea upande wowote. Mtuhumiwa hakuwamo ukumbini.

Msomaji atauliza, Kabila na Seneti wapi na wapi? Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inamfanya kila rais aliyechaguliwa, akishaondoka madarakani, kuwa seneta wa maisha. Haikuwa zawadi ya bure. Lumumba aliuawa, Mobutu alikimbilia ugenini, Laurent Kabila alipigwa risasi akiwa madarakani. (Huyo ndiye baba wa Joseph, ambaye waasi wenzake mwaka 1965 walipata silaha zao kupitia bandari yetu ya Kigoma.) Tangu uhuru wa 1960 hapakuwa na rais aliyempisha mwenzake kwa amani hadi Januari 2019, Joseph Kabila alipomkabidhi nchi Félix Tshisekedi. Kiti kile cha Seneti kilikuwa dhamana kwa mtawala: ondoka, nawe utasalimika. Hata Katiba yetu, katika ibara ya 46, inamkinga rais mstaafu kwa aliyoyatenda kama Rais, ingawa haimpi kiti bungeni.

Hatumtetei Kabila. Wajane na mayatima wa Goma na Bukavu wana haki ya kumjua aliyewatenda, awe rais au raia, na kinga isiyovulika kabisa ni dhuluma. Linalotukera ni namna. Watetezi wake walisema kwamba sheria ya mwaka 2018 ya marais wastaafu inataka mabaraza yote mawili yaketi pamoja, na theluthi mbili waridhie. Seneti iliamua peke yake. Baraza la pili huwekwa ili jambo lililoamuliwa kwa hamaki lipate kutazamwa upya na watu watulivu. Likiwa nalo lina haraka, nani atatazama tena? Maseneta walifungua mlango tu, hawakuhukumu, ni kweli. Lakini mlango huo ulielekea mahakama ya kijeshi, na tarehe 30 Septemba mwaka uleule mtu huyo alihukumiwa kifo hali ya kuwa hayupo. Nasi tumefundishwa kwamba kadhi hakati shauri kabla hajawasikia wote wawili, mdai na mdaiwa.

Tangu Oktoba 2024 Rais Tshisekedi amekuwa akisema hadharani kwamba katiba ibadilishwe. Yeye naye siku moja atakuwa mstaafu, na aliiona hesabu ile ya kura 88. Ataamini dhamana ipi?

Wenye wakwe Baraka, Fizi na Uvira hawahitaji kuelezwa gharama ya mtawala asiyetaka kuondoka. Mobutu alipong'ang'ania, vita vikaja mwaka 1996, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huku kwetu Kasulu. Hadi leo ina watu, na miongoni mwao wamo waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi.