Msitupigie makofi, tupimeni

Kila maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yanapofika, Uwanja wa John Mwakangale kule Mbeya hujaa mashine za vijana wa Nyanda za Juu Kusini. Kiongozi husimama mbele ya banda, huambiwa "hii tumeiunda wenyewe", hupiga picha, husifu ubunifu, kisha huhamia banda linalofuata. Hakuna anayetoa tepu mfukoni. Tangu 2019 tuna pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nayo ni jambo jema. Lakini mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kasense, Sumbawanga, na ninaomba kitu kingine: tupimwe.

Karakanani kwangu ipo meza ya kukatia chuma kwa plazma, inayoongozwa na kompyuta. Tumeiunda mimi na vijana ninaowafundisha kazi. Fremu ni ya skwea paipu. Juu yake linatembea daraja lililobeba tochi, likivutwa kwa mikanda na mota ndogo ambazo kila mzunguko wake umegawanywa katika hatua 200. Programu inayosoma mchoro na kuziamrisha mota ni Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogseth wa Norway, na hutolewa bure. Hakuna muujiza hapo. Mwaka 2013 kule Togo, Kodjo Afate Gnikou aliunda printa ya 3D kwa mabaki ya kompyuta mbovu. Kuunda kunawezekana. Swali ambalo hatuulizwi ni hili: inakata sawasawa?

Jibu hupatikana kwa bei ndogo. Kwanza tochi inavuliwa, inafungwa kalamu ya wino, na mashine inachora kwenye boksi lililokunjuliwa. Inaagizwa kuchora mraba wa milimita 200 kila upande. Kisha unapima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili: kila mshazari uwe milimita 282.8. Mmoja ukizidi mwingine, daraja limekaa upogo, na Grbl haitalinyoosha. Unarudi kwenye fremu na guni mkononi. Mishazari ikilingana lakini mraba ukatoka mdogo, hesabu ya hatua kwa milimita imekosewa. Yote mawili yakishanyooka, ndipo unarudisha tochi na kuwasha moto.

Moto nao una mtihani wake. Plazma nyingi za bei nafuu huwashwa kwa cheche ya umeme wa kasi, na cheche hiyo inaweza kuivuruga kompyuta ya mashine ikapoteza hesabu katikati ya kazi. Kwa hiyo waya za mota ziwe na ngao, na fremu ifungwe kwenye fimbo ya ethi iliyopigwa chini hasa, si kwenye msumari wa ukutani. Tena upana wa mkato lazima uhesabiwe kwenye vipimo. Tochi ikila milimita moja na nusu na mchoro usijue, kila kipande kitatoka pungufu.

Huku Ufipa tuna mambo yetu zaidi. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya Dar es Salaam. Kompresa iliyoandikwa kiwango chake kwa ajili ya Pwani haitoi hewa ile ile hapa. Masika yakishika, hewa hiyo inaingia na unyevu; usipoweka kichujio na kumwaga maji ya tangi, nozeli zinaliwa kama karanga. Umeme ukipungua nguvu, mkato unaacha manyoya ya chuma chini ya bamba. Mashine iliyofaulu majaribio mahali pengine bado haijafaulu Kasense.

Mtu atasema: fundi, milimita moja ina nini? Niwaeleze. Mkoa huu unaishi kwa mahindi. Mashine ya kupukuchua ina ngoma inayozunguka kwa kasi, nayo imefungwa kwenye mabamba mawili ya duara. Duara likiwa yai, ngoma inatikisika, beringi zinakufa, na mkulima anakwama mavuno yakiwa uani. Mzee mmoja alikuja kuagiza mashine hiyo. Vijana wakamwonyesha meza ikikata kwa taa na mlio, wakitarajia sifa. Akasubiri bamba lipoe, akavunja kijiti kwa upana wa duara, akakizungusha robo na kukipima tena. "Wanangu, hapa kinapwaya," alisema. Tulikaza mkanda mbele yake na kukata jingine. Kijiti kilipokaa pande zote, ndipo akatoa kishika uchumba. Katika wote waliowahi kuitazama meza ile, huyo ndiye aliyetuheshimu.

Wala kuipima kazi kwa matokeo yake si jambo geni kwetu. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri dogo kabla ya kufikia mhunzi. Kazi haikuishia kwenye kustaajabia tanuri. Iliishia kwenye jembe, na jembe halifichi ubovu.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, imekuwepo tangu 1973 na ina ofisi katika mikoa. Kila ofisi iweke benchi la vipimo lenye guni, venia na mabamba ya majaribio, fundi yeyote aje na kipande chake apewe karatasi ya matokeo. Vyuo vya VETA viwafundishe vijana kupima mashine, si kuiendesha tu. Na halmashauri, zinapogawa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ziombe karatasi hiyo kabla ya picha ya mashine. Karatasi ya vipimo itamlinda afisa mkopo asiyejua plazma, na itamtetea kijana ambaye kazi yake ni nzuri ila hana jina.

Nawe msomaji unayetaka mashine, iwe imetoka Kasense au Shanghai, usinunue sifa. Agiza ikate mraba na duara mbele yako, pima mwenyewe, kisha ndipo muongee bei.