Mikate ya konjelateri: sehemu tuliyoisahau



Wenye kusoma safu hii wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka wa masomo tuliandika juu ya kukanda unga wa mikate mara moja, kugandisha mabonge yake, na kuyachoma kidogo kidogo katika wiki. Vikundi vingi vilifurahi, maana mama anayeuza mikate kabla watoto hawajaingia masomo anajua uchungu wa kuamka saa nane ya usiku, mikono ndani ya beseni, mtoto mchanga akilia mgongoni. Leo tunarudi kwa jambo lile lile sababu kuna sehemu tuliyoisahau, na kusahau kwetu kumemgharimu mama mmoja.

Kikundi kimoja cha hapa Lubumbashi kilikanda kilo 6 siku ya posho. Mabonge yaliwekwa katika konjelateri ya mama mjane, maana ni yeye tu mwenye nayo. Usiku ule umeme ukakatika, ukarudi siku ya kazi moja jioni. Katikati hapo wenzake walipita mmoja mmoja kuangalia mali yao, na kila mmoja alifungua mfuniko. Umeme uliporudi, mabonge yaliganda tena, magumu kama mawe, na watu wakashukuru. Siku ya kazi tatu wakayachoma. Mikate ikatoka bapa, mizito, yenye kunuka pombe. Watoto walionunua walirudisha. Kikundi kikakaa, kikaamua mwenye konjelateri alipe unga. Akalipa, kwa pesa ya zamu yake ya likelemba, ile aliyoitunzia sare za watoto wake.

Tulipoulizwa kama ile ni haki, kwanza tulinyamaza, maana ni sisi tuliokuwa tumeandika kwamba bonge likishaganda halina shida tena. Juu ya umeme kukatika hatukuandika hata mstari mmoja, sisi tunaokaa na mishumaa mezani kama wengine wote.

Sasa tueleze vizuri. Levire ni kitu chenye uhai. Ukiipa maji, unga na joto, inakula sukari iliyo ndani ya unga na kutoa hewa, na hewa ile ndiyo inayovimbisha mkate. Baridi kali inailalisha tu, ingawa nyingine hufa katika kuganda. Bonge likiyeyuka, iliyobaki inaamka na kuanza kazi, hata gizani ndani ya konjelateri, hata kama hakuna anayeiona. Ikigandishwa tena inakufa kwa wingi, na chakula chake imeshakimaliza. Halafu barafu inakata-kata ule unato wa unga unaoshika hewa. Ndiyo maana bonge lililoganda mara mbili linaonekana zima kwa macho, lakini haliwezi kuvimba tena.

Kwa hiyo unga wa kugandisha haukandwi kama unga wa kuchoma siku ile ile. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano weka gramu 16 hivi za levire kavu, ni kusema paketi moja na nusu ya zile ndogo za gramu 11, pale ambapo kwa kawaida paketi moja ingetosha. Chumvi vijiko 3 vya chai, sukari vijiko 4 vya mezani, mafuta vijiko 3, na maji karibu sentilita 60. Maji yawe ya baridi. Hapa wamama wengi wanakosea, wanaweka ya vuguvugu kwa mazoea, na levire inaamka mapema. Kanda dakika 15 bila huruma, kata mabonge kama 20, na usiyaache yavimbe. Yapange kwenye sahani bila kugusana mpaka yawe magumu, kisha yafunge katika mfuko usioingiza hewa na uandike tarehe. Yatumie ndani ya mwezi mmoja.

Kuyatoa kunafuata majira. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi yetu ikiwa kali, yapange kwenye sufuria iliyopakwa mafuta unapoenda kulala, funika, na alfajiri utayakuta tayari au karibu. Mwezi wa 10 usijaribu hivyo, yatapita kiasi kabla hujaamka. Toa saa tisa ya usiku, rudi kitandani, saa kumi na moja na nusu washa mbabula. Bonge likiwa limekuwa mara mbili ya ukubwa wake, choma.

Tuje kwenye umeme. Konjelateri iliyojaa, isiyofunguliwa, inaweza kutunza baridi karibu saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24 hivi. Kila anayefungua mfuniko anapunguza saa hizo, kwa hiyo kufungua ili kuangalia ndiko kunakoharibu. Jaza nafasi tupu na chupa za maji, zikiganda zitasaidia.

Tena fanyeni hivi: gandisha kikombe cha maji, weka kajiwe juu ya barafu, kikae humo siku zote. Umeme ukirudi na kajiwe bado kako juu, basi barafu haikuyeyuka. Kakiwa chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka hata kama sasa ni kigumu, na mabonge yale msiwauzie watoto.

Mkikuta umeme bado haujarudi na bonge linabonyea kwa kidole, msingoje. Tieni makala katika kila mbabula iliyo karibu, yaacheni yavimbe na mchome siku ile ile. Mkate ulioiva unaweza kugandishwa bila neno.

Kuhusu yule mama. Kikombe hakikuwemo, na waliofungua walikuwa wengi. Tumeomba kikundi kikae tena, kigawe hasara ya kilo 6 kwa wote, na sisi tutaleta kilo moja yetu. Mwenye konjelateri tayari anatoa umeme wake na nafasi ya nyama yake, na kumlipisha tena ni kumfundisha afunge mlango wake.

Siku ya posho, saa nane ya mchana, tutakanda pamoja mahali petu pa mkutano. Mama akuje na beseni, mfuko na kikombe chake. Vijiwe viko vingi kwenye njia.