SI KISU KINACHOENEZA SARATANI YA TITI



Vijijini mwetu husemwa hivi: "Uvimbe wa titi usiguswe kwa kisu. Ukikatwa utaenea mwili mzima." Maneno haya yanaua akina mama. Mimi nayapinga, na sababu nitakueleza.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, ziitwazo seli. Ndani ya seli mna maagizo, yaitwayo jeni. Jeni huiambia seli ikue lini, iache kukua lini, na ikae wapi. Jeni zikiharibika, seli huongezeka ovyo na kufanya uvimbe. Hiyo ndiyo saratani, ambayo wengi wetu tunaiita kansa.

Mfikirie ng'ombe aliyefungwa kamba. Atakula majani ya pale pale alipo. Kamba ikikatika, ataingia shamba la jirani. Seli ya saratani nayo ina kamba zake. Mwaka 1988, huko Marekani, Patricia Steeg na wenzake walieleza jeni moja iliyo kama kamba, wakaiita NM23. Walichunguza seli za saratani ya panya. Seli ambazo jeni hiyo ilifanya kazi sana hazikusafiri sana. Zile ambazo jeni hiyo ilinyamaza zilisafiri. Mwaka 2000 ilielezwa jeni nyingine ya namna hiyo katika saratani ya titi, yaani BRMS1.

Basi kamba hukatika ndani ya seli yenyewe. Seli hutoka titini, huingia katika damu, hufika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Hazingoji kisu. Wengi hupasuliwa wakati ugonjwa umekwisha kusafiri. Mgonjwa akifa, tunalaumu kisu. Hatuulizi uvimbe ulikaa nyumbani miezi mingapi.

Tena mara nyingi uvimbe huo hauumi mwanzoni, kwa hiyo mama huendelea kulima na kuchota maji. Mama, ukiona uvimbe titini au kwapani, au chuchu ikitoa damu, nenda zahanati wiki hii. Si kila uvimbe ni saratani, lakini usijipime mwenyewe kwa kukisia. Ukipelekwa hospitali, na daktari akataka kuchukua kipande kwa sindano, kubali. Kipande hicho huweza kuonyesha pia kama jeni iitwayo HER2 imezidi. Jeni hiyo ikizidi huiharakisha saratani, na dawa ya kuizuia iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Ni dawa ya bei kubwa, sikufichi.

Nawe baba, usiseme nauli hakuna na mbuzi wako yupo zizini. Hata wanaume hupata saratani ya titi, ingawa ni mara chache.